Kigoda cha Mtakatifu Lucia

Hrabina, Jumamosi, 24 Novemba 1934

Nimeolewa! Wiki nzima imepita tangu padri aifunge mikono yetu kwa stola yake, na bado kila nikifumbua macho nashangaa kumkuta Blažej kando yangu, nywele zake zikinuka utomvu wa msonobari. Napenda kuliandika jina lake. Blažej. Blažej wangu. Alikuja kwetu Vrútky kutengeneza paa la stesheni, akaniomba maji mara nne asubuhi moja, na baba akasema huyo fundi ama ana kisukari ama ana jambo. Alikuwa na jambo!

Hapa tunaishi na mama yake, Rozália, mjane. Chumba kikubwa chenye jiko ni chake, na chumba kidogo cha nyuma ni chetu. Chetu hakina moto, lakini mimi nina Blažej. Mama mkwe ananiita "binti wa relini", kwa kuwa baba anafanya kazi stesheni. Blažej anasema ni utani tu, basi nacheka.

Jumapili, 25 Novemba

Leo ni siku ya Mtakatifu Katarina. Mama mkwe amepaka kitunguu saumu kwenye kila mlango, mpaka wa zizi, mpaka kwenye pembe za ng'ombe. Nikasema nyumba inanuka kama soseji. Hakucheka mtu.

"Siku zao zimeanza," alisema.

"Siku za nani, mama?"

"Utajua."

Jumatano, 28 Novemba

Theluji mpaka magotini. Blažej amenibeba mgongoni kutoka kisimani, ndoo mbili mkononi mwake, na sikumwaga hata tone kwa sababu hakukuwa na ndoo mkononi mwangu. Naona haya kuwa na furaha namna hii.

Ijumaa, 30 Novemba

Nimelia mchana kutwa. Naandika yote kama yalivyotokea, kwa sababu jioni hii kila mtu ananieleza nilichofanya kana kwamba mimi sikuwepo.

Jirani yetu anaitwa Ondrej Harvan, na leo ni siku ya Mtakatifu Ondrej, yaani siku ya jina lake. Kwetu Vrútky, mtu akifikiwa na siku ya jina lake, majirani humwendea alfajiri kabla hajaenda kazini, na anayemtangulia wote kumpongeza hutiliwa glasi ya pombe ya plamu. Baba yangu siku ya jina lake hufika stesheni ameshalewa kidogo kwa upendo wa watu. Mimi mgeni hapa, nilitaka kuanza vizuri. Niliamka Blažej alipoondoka kwenda kukata miti msituni, nikaoka mkate wa kuviringisha wenye kokwa za jozi, nikaufunga kwa kitambaa cheupe cha mahari yangu.

Mama mkwe alikuwa karibu na jiko akimenya viazi. Aliniona nikifunga.

"Unampelekea nani?"

"Jirani Ondrej. Leo siku ya jina lake."

Kisu kilisimama kwenye kiazi. Kisha kikaendelea. "Haya. Vaa shali, nje kuna baridi."

Lilikuwa neno la upole kuliko yote aliyowahi kuniambia. Nilivuka ua nikiimba.

Nilibisha, nikafungua, nikaingia. Pavlína, mke wa Harvan, alikuwa anatoka zizini na ndoo ya maziwa. Akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mzima.

"Mwanamke! Wa kwanza ni mwanamke! Toka! Toka mlangoni mwangu!"

Harvan alitokea na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. "Nani kakutuma, wewe? Nani?"

"Nimekuja kukupongeza," nilisema. Nilikuwa bado natabasamu. Naukumbuka uso wangu ukitabasamu wenyewe, sikujua namna ya kuuzima.

Pavlína alichota makaa jikoni kwa koleo akayarusha nyuma yangu nilipokuwa natoka, yakachemka kwenye theluji. Mkate ukafuata. Mbwa wao ndiye pekee aliyeshukuru.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa na viazi vile vile.

"Umewahi kurudi," alisema.

Jioni Blažej alinieleza. Katarina, Ondrej, Barbora, Mikuláš, Lucia: hizo ndizo siku za wachawi. Katika siku hizo mwanamke haingii nyumba ya mwenzake kabla mwanamume hajatangulia. Akiingia, maziwa yanamfuata anapotoka. Kila mtoto wa Hrabina analijua hilo kabla ya kujua kuhesabu.

"Mama hakukwambia?" aliuliza.

"Mama aliniambia nivae shali."

Blažej alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa anakata kitunguu. "Nilidhani shuleni wamefundishwa," alisema. "Si amesoma?"

Jumapili, 2 Desemba

Ng'ombe wa Harvan ametoa maziwa yenye damu.

Jumatatu, 3 Desemba

Sikuweza kunyamaza. Pavlína alikuwa kisimani na wanawake wengine, nami nikamwambia, kwa heshima kabisa, kwamba maziwa yenye damu maana yake kiwele kimevimba, na kwamba wamwite daktari wa mifugo mapema.

"Umejuaje kimevimba," alisema Pavlína, "kama hukukigusa?"

Wanawake walichukua ndoo zao, nyingine hata hazijajaa, wakaondoka. Nilibaki na kisima chote.

Jumanne, 4 Desemba

Siku ya Barbora. Sikutoka nje hata kwenda chooni mpaka Blažej alipotangulia. Nilikata tawi la mcheri nikaliweka kwenye maji lichanue kwa Krismasi, kama mama alivyokuwa akitufanyia. Mama mkwe amewapa mbuzi tawi hilo.

Alhamisi, 6 Desemba

Usiku wa Mikuláš, anayewaletea watoto wema zawadi na wabaya fito, watoto wa majirani wamepata jozi na tufaha dirishani. Sisi tumepata ufagio wa fito na viazi viwili vilivyooza. Blažej alivunja ufagio juu ya goti akautia motoni. Nilimpenda wakati ule mpaka kifua kikauma.

"Fito nzuri zile," mama mkwe alisema. "Mngeniachia nifagilie."

Jumapili, 9 Desemba

Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi ya watu sita. Watu sita walisimama ukutani misa nzima.

Nimegundua sababu, au nusu yake. Shamba la Harvan linapakana na letu, na Pavlína ana binti, na mama mkwe alishapanga Blažej amwoe na ua wa mpakani ubomolewe. Blažej ameniambia mwenyewe, akinikumbatia, kana kwamba ni hadithi ya kuchekesha. "Wangenioza malisho," alisema. Mimi sikucheka. Namwona Rozália sasa akikaa dirishani mchana akiutazama ule ua, na ninajua anachokitazama. Nilimhurumia siku za mwanzo kwa ujane wake. Huruma hiyo imekwisha, na ikiwa ni dhambi, basi nitaungama tarehe ishirini na nne.

Jumanne, 11 Desemba

Baridi ya kupasua mawe. Ng'ombe wa Harvan ametoka damu tena.

Alhamisi, 13 Desemba

Siku ya Lucia.

Wakati wa chakula nilijaribu kuwa na akili. Niliwaeleza walichotufundisha shuleni: kwamba zamani, kabla kalenda haijarekebishwa, usiku wa Lucia ndio uliokuwa mrefu kuliko usiku mwingine wowote wa mwaka. Watu waliliogopa giza hilo, wakalipa sura ya mwanamke, halafu Kanisa likaweka hapo mtakatifu ambaye jina lake linahusu mwanga. Na kwamba desturi zetu zote za siku hizi, za vitunguu saumu na wachawi, ni hofu ile ile ya babu zetu gizani. Nilieleza vizuri. Mwalimu wangu angefurahi.

"Kalenda yako inakamua ng'ombe?" mama mkwe aliuliza.

Blažej alicheka. Alicheka! Kidogo tu, puani, lakini nilisikia.

Giza lilipoingia wakaja akina Lucia. Huko kwetu nilikuwa nimewaona kwenye picha tu: wanawake waliojifunika shuka nyeupe, nyuso zimepakwa unga, bawa la bata bukini mkononi. Hawasemi. Huingia nyumba kwa nyumba wakifagia kuta na pembe kwa bawa lile ili ubaya utoke. Walikuwa wanne. Walifagia jiko, wakafagia picha ya Bikira, wakafagia mabega ya mama mkwe kwa upole kama wanampangusa vumbi, naye akainama kushukuru.

Kisha wakanijia mimi. Wa kwanza alinifagia usoni, si kwa manyoya, kwa mfupa wa bawa. Mdomo ukapasuka. Mwingine alinifagia miguuni akinisukuma, na mwingine mgongoni, nikajikuta narudi hatua kwa hatua mpaka kisigino kikagusa kizingiti. Nilisikia pumzi zao tu nyuma ya unga. Aliyenipiga usoni alikuwa na kovu la moto kwenye dole gumba, na kovu hilo nimeliona kisimani, kwenye mkono wa Pavlína ulioshika ndoo.

"Inatosha," Blažej alisema.

Wakasimama. Wakamtazama mama mkwe, si yeye. Mama mkwe akaitika kwa kichwa, wakatoka.

"Inatosha!" nilimwambia Blažej chumbani, damu bado kinywani. "Ulingoja nifike mlangoni ndipo ikatosha?"

Alinifuta mdomo kwa theluji aliyoiokota dirishani. Vidole vyake vilikuwa vyepesi sana. Nilimsamehe kwa ajili ya vidole.

Ijumaa, 14 Desemba

Baada ya chakula Blažej alikwenda bandani. Nikasikia msumeno ukipita mara moja, basi. Akarudi.

Jumamosi, 15 Desemba

Tena. Pigo moja la shoka. Akarudi, akanibusu shingoni, akalala.

Jumapili, 16 Desemba

Nimejua.

Niliingia bandani alipokuwa anachota maji. Juu ya meza yake ya kazi kuna ubao mdogo wa mviringo na vipande vitatu vya miti tofauti. Hata mtoto wa reli anakijua kigoda cha Lucia, angalau kwa kusikia. Kinaanzwa siku ya Lucia na kumalizwa mkesha wa Krismasi, kila siku kazi moja tu, bila msumari wa chuma. Kwenye misa ya usiku aliyekitengeneza anakipanda nyuma ya kanisa wakati padri anapoinua hostia, Mwili wa Bwana. Hapo anawaona wachawi wa kijiji. Watu wote wameelekea altare, ila wao wameipa mgongo.

Nilimngoja pale pale. Aliponiona aliweka ndoo chini polepole.

"Ni nani kakutuma?" nilimwuliza. Nilisikia sauti yangu ikawa kama ya Harvan.

"Želmíra, nisikilize. Kijiji kizima kimeamua kigoda kitengenezwe mwaka huu. Kama si mimi ni Harvan. Unataka Harvan ndiye apande?"

"Mama yako kasema nini?"

"Mama kasema nikikitengeneza mimi, hakuna atakayebisha nitakachosema."

"Na utasema nini?"

"Kwamba sikuona mtu."

"Na ukiona?"

Angeweza kucheka. Angeweza kuniita mjinga, akanikamata kiunoni kama siku ya kisima. Alitazama kile kibao cha mviringo akakigeuza upande wa pili, kama fundi anayetafuta ufa.

"Sitaona," alisema.

Lakini alikuwa amechelewa. Nilikuwa nimeshamwona akikigeuza kile kibao.

Jumatatu, 17 Desemba

Patasi, mara moja.

Jumanne, 18 Desemba

Keekee. Tundu moja.

Jumatano, 19 Desemba

Ajabu ya mwili. Mchana namchukia, namwona ana kidevu cha mama yake, namsikia akitafuna viazi kama mama yake. Usiku anakuja na baridi kutoka bandani, anaweka miguu yake ya barafu kati ya yangu, nami nampasha moto. Mikono hii ndiyo iliyotengeneza kitanda chetu. Na kigoda kinatengenezwa na mikono hii hii. Nimeivuta nikainusa, na inanuka vizuri vile vile.

Alhamisi, 20 Desemba

Tundu la pili. Ng'ombe wa Harvan amekufa.

Ijumaa, 21 Desemba

Nilikwenda kwa padri. Padri Klement ni mzee mwenye mafua yasiyokwisha, na alinipokea akiwa na miguu kwenye beseni la maji moto.

"Nimekikataza kigoda hicho kila mwaka tangu nifike," alisema, "na miaka mingine kinapandwa tu. Nakisikia kinavyolia nyuma yangu. Mwaka mmoja aliyepanda alikuwa mzito, kikavunjika, nikamshukuru Mungu kwa uzito wake."

"Na aliyetajwa? Amewahi kutajwa mtu?"

Alipenga kamasi. "Mmoja."

"Yuko wapi?"

"Aliondoka. Walimtolea vitu vyake nje kwenye theluji siku ya Stefano. Mumewe alibaki." Akanitazama. "Usije misa, binti. Sema unaumwa."

"Nisipokuja watasema kengele za kanisa zimenizuia, kama mchawi."

"Watasema hivyo, ndiyo," alikubali, akaomba nimwongezee maji moto.

Jumamosi, 22 Desemba

Nimefika mpaka mlango wa banda nikiwa na kiberiti. Nimerudi. Kigoda kikiungua, nani atakuwa amekichoma? Jibu wanalo tayari. Nimewaza kumwandikia baba aje anichukue kwa treni. Halafu nimewaza Blažej akirudi kutoka msituni na kukuta kitanda kitupu, na mama yake akimpakulia supu, na ua ukibomolewa majira ya kuchipua. Hapana. Nitakaa nimuudhi mama yake.

Jumatatu, 24 Desemba, kabla ya misa

Tumekula chakula cha mkesha. Naandika huku wao wanavaa.

Mama mkwe aliwasha mshumaa, akasali, akachovya kidole gumba kwenye asali. Ndiyo desturi, kwetu na kwao: mama wa nyumba humpaka kila mtu msalaba wa asali kwenye paji la uso ili apendwe mwaka mzima kama nyuki anavyoipenda asali. Alimpaka Blažej. Akajipaka mwenyewe. Akalamba kidole, akakaa.

Nilimtazama Blažej. Blažej aliitazama supu ya kabichi.

Nikavuta bakuli la asali, nikachovya, nikajipaka msalaba mkubwa kutoka nywele mpaka nyusi. Asali ilinitiririka puani.

"Kujipaka mwenyewe hakuhesabiki," mama mkwe alisema.

"Hata kujipenda?"

"Kula, binti wa relini. Supu inapoa."

Baada ya chakula alichukua mkoba wake mwenyewe akautia kigoda ndani, akakifunika kwa taulo safi kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, akampa mwanawe.

"Simama imara," alimwambia. "Kwa miguu yote miwili. Na ukishaona, sema kwa sauti."

"Nitasema nikiona, mama."

"Utaona."

Njiani watanitembeza katikati yao, naona. Blažej amenishika mkono alipokuwa anapita kuchukua kofia. Sikumshika. Sijawahi kuwa na hasira namna hii maishani. Nimeapa jambo moja: lolote litakalotokea nyuma yangu, sitageuza kichwa. Akitaka kunitaja, aitaje shali yangu. Uso wangu hataupata.

Jumanne, 25 Desemba

Nilikaa upande wa wanawake, benchi la tatu. Mama mkwe benchi la pili, mbele yangu kidogo. Na safari hii nafasi zangu sita zilijaa: Pavlína kushoto kwangu, bega kwa bega. Walitaka kuwa karibu.

Misa ilikwenda. Waliimba kwa nguvu sana, kama watu wanaosubiri kitu kingine. Padri Klement alipiga chafya katikati ya Injili. Nililitazama hori la majani pale altare, na ndani yake Mtoto Yesu wa mbao ambaye fundi fulani alimpa masikio makubwa, nikamwambia moyoni, mimi na wewe tuko ugenini usiku huu.

Kengele ikalia. Watu wakapiga magoti. Padri akainua Mwili, mgongo wake kwetu, mikono yake juu.

Nyuma kabisa, chini ya roshani ya waimbaji, ubao wa kigoda ukalia. Kisha ukalia tena. Blažej ameweka mguu wa pili.

Mwanzo nilisikia nguo. Sauti ya nguo nyingi za baridi zikisogea kwa pamoja, sketi, makoti ya ngozi ya kondoo, mabenchi yakiguna. Mama mkwe mbele yangu aligeuka mzima mzima, goti juu ya benchi, mkono kwenye kiegemeo, nikauona uso wake wote. Haukuwa unaniangalia mimi. Ulikuwa unamwangalia mwanawe nyuma, juu ya vichwa vya watu, macho yamemtoka, midomo ikimsaidia kusema.

Pavlína alinipiga kiwiko. "Geuka basi," alininong'oneza. "Mumeo anakutafuta."

Shingo yangu iliuma kwa kutaka kugeuka. Nilikaza macho kwenye yale masikio ya mbao.

Padri akashusha mikono. Hapo ndipo nikasikia sauti ya Blažej, na haikuwa sauti ya kitandani wala ya bandani. Ilikuwa sauti ya msituni, ile wanayopigiana wakata miti gogo linapoanguka.

"Nimewaona!"

Mtoto mmoja akaanza kulia.

"Nimewaona wote walioipa mgongo altare. Ondrej Harvan, nimekuona. Pavlína, nimekuona. Nyie wa roshani, mmeinama mpaka mnakaribia kuniangukia, nimewaona. Mama." Hapo sauti ilikatika, akaitafuta, akaipata. "Mama, na wewe nimekuona. Kanisa zima ni wachawi. Ni mmoja tu aliyeelekea mbele, na ni mke wangu."

Padri Klement akageuka, pua nyekundu, akawakuta waumini wake wote wakiwa visogo.

"Geukeni mbele," alisema.

Wakageuka. Nilisikia tena ile sauti ya nguo, ila safari hii ilikuwa ya polepole na ya aibu. Mama mkwe ndiye aliyegeuka wa mwisho.

Nilipotoka nje Blažej alikuwa ameshakivunja kigoda juu ya goti. Nilimrukia shingoni mbele ya kijiji kizima, nikambusu asali yake, nikalia, nikamwita kila jina nilijualo. Ni wangu! Kasimama juu ya miti yao akasema jina langu! Hapana, hakusema jina langu, alisema "mke wangu", na ni bora zaidi. Harvan alipita akatema mate kwenye theluji karibu na buti zetu. Nikamtakia Krismasi njema.

Jumatano, 26 Desemba, Stefano

Mama mkwe hajasema neno tangu kanisani. Leo amesema.

"Nilizaa mtoto mmoja. Nikamlisha, nikazika baba yake, nikamwekea nyumba. Akasimama kwenye kigoda nilichokibeba mimi, akaniita mchawi mbele ya Mwili wa Bwana."

"Mama, ulikuwa umegeuka."

"Nilikugeukia wewe! Nimtazame nani, kama si mwanangu?"

Namchukia yule mwanamke, lakini hapo alisema kweli.

"Jiko hili ni la mwanamke mmoja," alisema. Akaanza kuvitoa vitu vyangu nje, akikunja kila kimoja vizuri kabla ya kukiweka kwenye theluji. Hata kitambaa kile cha mkate, sijui alikipata wapi, alikuwa amekifua na kukipiga pasi.

Mwanamke yule aliyetajwa zamani, mumewe alibaki. Wangu alitoa kitanda chetu dirishani.

Jumamosi, 29 Desemba

Tupo kwenye kibanda cha wakata miti juu ya kijito. Kuta zinapitisha upepo. Asubuhi maji ya kunywa yamekuwa barafu kwenye kikombe, tukayalamba kwa zamu tukicheka. Hakuna aliyekuja. Blažej amepoteza kazi mbili, kijiji hakitaki paa kutoka kwa fundi aliyekiita cha wachawi. Anaimba akichonga. Nina furaha, nina furaha, naandika mara mbili ili niamini.

Jumapili, 6 Januari 1935, Wafalme Watatu

Padri Klement amepanda mpaka huku na chaki yake kutubarikia mlango, akikohoa. Alikataa kukaa. "Huko chini kila nyumba wananiuliza kama niliwaona wamegeuka," alisema. "Nawaambia mimi nilikuwa naangalia mbele." Akaandika juu ya mlango herufi tatu za wale Wafalme na mwaka, akashuka zake.

Alipoondoka nilibaki nikiliwaza lile neno lake. Mbele. Kuna swali ambalo nimelipasha moto kitandani kwa siku kumi na mbili, na leo nililitoa. Blažej alikuwa amekaa mlangoni akifunga kamba za buti.

"Kama ningegeuka?"

Aliendelea kufunga. "Hukugeuka."

"Nimeuliza kama. Pavlína alinipiga kiwiko. Kama ningegeuka kama wengine, ungesema nini pale juu?"

Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Nje theluji ilimwagika kutoka kwenye tawi.

"Nilikutafuta wewe kwanza," alisema. "Kabla ya mama, kabla ya mtu yeyote. Nilipanda nikiogopa nitauona uso wako. Želmíra, sijui. Nilipoiona shali yako kwa nyuma, nikaipata sauti. Nisingeiona, sijui." Akainua macho. "Ulijuaje usigeuke? Ulikuwa unasali?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa ananitazama kama watu wanavyotazama picha kanisani, na ni vizuri kutazamwa hivyo na mwanamume unayempenda.

"Nilikuwa nimekukasirikia," nilimwambia. "Sikutaka kukuona. Ningekuwa nakupenda zaidi kidogo usiku ule, ningegeuka."

Alinikodolea macho. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, sijakisikia tangu siku ya ndoo, akacheka mpaka akashika nguzo ya mlango, mpaka vumbi la chaki ya padri likamwangukia mabegani. Na mimi nikacheka naye, nikampangusa lile vumbi.

Niliacha kucheka kabla yake, nikiwaza lile "sijui" lake.